Gome Linalokausha Ngozi na Tumbo

Aliyewahi kutafuna bibo bichi anaujua ukakasi: ulimi unakauka na mashavu yanajikunja. Kinachofanya hivyo ni tanini, na gome la mkoko limejaa tanini.

Kazi kubwa ya tanini ni kunasa protini. Mdomoni hunasa protini za mate, zile zinazoulainisha ulimi. Kwenye ngozi mbichi ya ng'ombe hushika nyuzi za kolajeni, huzifungamanisha na kuyafukuza maji yaliyokuwa katikati yake, hivyo bakteria wa kuozesha hawapati pa kuanzia. Ndiyo maana magome ya mikoko na ndugu zake mikandaa yalisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kudabaghia ngozi ng'ambo. Wavuvi nao, kabla ya nailoni, waliyachemsha na kuloweka humo nyavu zao za pamba.

Maji ya magome hayo pia hunywewa kuzuia kuhara. Si uzushi, kwani tanini hukaza utando wa utumbo na kupunguza majimaji yanayovuja. Ila kinachomuua mtoto anayehara ni kupungukiwa maji na chumvi, na vitu hivyo gome halivirudishi. Apewe ORS na zinki, apelekwe kituo cha afya.

Wazungu nao waliijaribu tanini, tena kwa ujasiri wa kutisha. Mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit, Marekani, alieleza tiba ya kupaka asidi ya taniki kwenye majeraha ya moto. Kwa lugha ya viwandani, alikuwa anamdabagha mgonjwa akiwa hai. Gamba gumu lilifunika kidonda, maji ya mwili yakaacha kuvuja, na tiba ikaenea. Miaka ya 1940 ikabainika kuwa dawa ilikuwa inapenya kidondani hadi kwenye damu na kuharibu ini. Ikaachwa. Kwa hiyo anayekuuzia gome "la asili lisilo na madhara" muulize kipimo chake.

Hata chai ya rangi ina tanini, nayo hunasa madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Mjamzito mwenye upungufu wa damu asiteremshie mlo kwa chai.

Mti wenyewe hauna subira na wachunaji. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, njia ya chakula kwenda mizizini hukatika na mti hufa. Mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, ukikatwa huchipua kisikini. Mkoko mkubwa hauchipui.