Sirel: Asili na Maana za Kitenzi cha Mapenzi katika Kiarmenia

Waarmenia wa Yerevan na wale waliotawanyika Lebanon, Siria, Ufaransa na Marekani hutumia kitenzi sirel kwa maana ya kupenda. Kitenzi hicho kimejengwa juu ya nomino sēr, yaani upendo, ambayo imo katika maandishi tangu karne ya 5, pale Mesrop Mashtots alipobuni alfabeti ya Kiarmenia yapata mwaka 405 na Biblia ikatafsiriwa. Humo, kumpenda Mungu na kumpenda jirani huelezwa kwa sirel.

Mwaka 1875 Heinrich Hübschmann alithibitisha kwamba Kiarmenia si mojawapo ya lugha za Kiirani, kama ilivyodhaniwa, bali ni tawi linalojitegemea la lugha za Kihindi-Kiulaya. Ushahidi wake ulikuwa mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni: k laini ya lugha mama ya Kihindi-Kiulaya iligeuka kuwa s, na kwa hiyo tasn, kumi, ni ndugu wa decem ya Kilatini, nayo sirt, moyo, ni ndugu wa cor. Inavutia kudhani kwamba sēr imetoka katika moyo, lakini mizizi ni miwili, kwani wanaisimu huihusisha sēr na mzizi uliomaanisha kulala au kutulia mahali, ambao pia hutajwa kuwa chanzo cha civis, raia, katika Kilatini, na śeva, mpendwa, katika Kisanskriti. Kwa maelezo hayo, mpendwa wa awali alikuwa mtu wa maskani moja, na upendo ulianza na ukaribu wa wanaoishi pamoja kabla ya kuwa mvuto wa moyo.

Ē ya sēr hugeuka i inapopoteza mkazo, yaani nguvu ya sauti inayoangukia silabi ya mwisho, ndiyo sababu kitenzi ni sirel. Mageuzi ya tahajia ya mwaka 1922 katika Armenia ya Kisovieti yaliiondoa herufi ya ē katikati ya neno, hivyo upendo ukaandikwa sawasawa na ser, malai ya maziwa. Waarmenia wengi wa ughaibuni wameshikilia tahajia ya kale, na kwa neno hili wana haki.

Sawa na kupenda kwa Kiswahili, sirel hutumika kwa mtoto, mchumba na hata chakula: sirum em, napenda, husema watu wa Yerevan, na wa Beirut husema gə sirem. Uzao wake ni mkubwa: sirun ni mzuri wa sura, siraharvel ni kupigwa na pendo, na imastaser, mpenda hekima, ndiye mwanafalsafa, neno lililofinyangwa kwa kufuata Kigiriki.

Hata hivyo, huruma ya kila siku hupitia zaidi kitenzi tanel, kuchukua. Bibi humwambia mjukuu anayelia tsavd tanem, maumivu yako niyachukue, na muuza matunda humwambia mnunuzi asiyemjua vivyo hivyo; umbo lake ni la kutakia, kama nibebe kwa Kiswahili. Wengi huuona msemo huu kuwa wa Kiarmenia pekee, ilhali Waajemi na Waazeri nao humwomba mpendwa awaachie uchungu wake, kwa muundo unaokaribiana na huo.