Mota Imeungua Tena: Kweli na Uongo wa Atelie

Kontena linatoka Guangzhou, linashushwa Mombasa, linavuka Uganda na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Mota zinapangwa mlangoni mwa duka la Butembo zikimeta rangi ya buluu. Fundi anataka kutengeneza mashine ya kukuna mihogo. Anauliza swali moja tu: farasi wangapi? Miezi miwili baadaye mota imerudi atelieni ikinuka vanishi, na lawama zote ni za Wachina. Baadhi ya lawama hizo ni za haki, ila si nyingi.

"Farasi wengi ndio nguvu nyingi." Uongo.

Farasi ni kazi kwa wakati, nayo huchanganya vitu viwili: mota inasokota kwa nguvu gani, na inazunguka mara ngapi. Chukua mota mbili za farasi mmoja na nusu, yaani kilowati 1.1. Moja inazunguka mara 2,800 kwa dakika, nyingine mara 1,400. Bei zinakaribiana na farasi ni walewale, lakini ya pili inasokota mara mbili ya ya kwanza. Hata hivyo, msokoto wa hiyo ya pili ni newtonmeta 7.5 tu. Funga fimbo ya mita moja kwenye ekseli yake, ning'iniza robo tatu ya kilo mwishoni, na mota imeshafika kikomo chake. Sasa mtu anataka mota hiyo izungushe skrubu ya kukamulia mawese, ikiwa imefungwa moja kwa moja!

Mpe puli ya sentimita 8 kwenye mota na ya sentimita 40 kwenye mashine: mwendo utagawanywa kwa tano, msokoto utazidishwa kwa tano, ukiondoa kidogo kinachopotea kwenye mkanda. Giaboksi ya ishirini kwa moja itakufikisha karibu newtonmeta 150, kwa mizunguko 70 hivi. Kwa hiyo anza na mashine: inataka kuzunguka mara ngapi, na inakaza kiasi gani? Dukani utakwenda baadaye.

"Umeme ukishuka, mota inapunguza mwendo tu." Uongo, na ndio unaounguza mota nyingi kuliko wote.

Nguvu ya mota kuanza kuzunguka haishuki sawa na volti, hushuka kwa mraba wake. Volti 220 zikiwa 180, inabaki theluthi mbili tu. Mkunaji keshajaza mihogo kwenye ngoma, mota inanguruma bila kugeuka, na wakati huo inanyonya umeme mara tano hadi saba ya kawaida. Dakika chache zinatosha kuiunguza.

Na mara nyingi mwizi wa volti si kampuni ya umeme, ni waya wako mwenyewe. Waya wa milimita mraba 1.5 ukivutwa mita 60 hadi bandani nyuma ya nyumba, mota ile ya kilowati 1.1 itapoteza kama volti 50 njiani kila inapowashwa. Mtu amelipa dola nyingi kwa mota, akabana chache kwenye waya.

"Trifaze ni bora kuliko monofaze." Kweli, ukiwa nayo.

Inaanza bila kapasita, inatulia, inadumu. Ila kama nyumbani kwako umeingia waya mmoja wa fezi, mbinu ya kapasita itakupa kama theluthi mbili ya nguvu na mwanzo dhaifu. Variyateri ni suluhisho safi zaidi: inapokea fezi moja ya 220 na kutoa tatu. Lakini zinatoka tatu za 220, si za 380. Mota yenye kibati cha 220/380 lazima basi ifungwe pembetatu. Wengi wanaifunga nyota, kisha wanasema variyateri ni ya bandia.

"Gurupe (jenereta) ya kilowati 2 itabeba mota ya kilowati 1.5." Uongo, na Butembo zaidi.

Kuanza peke yake kunataka gurupe ya mara mbili au tatu ya mota. Halafu kuna mwinuko. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, na Butembo iko takribani mita 1,700. Gurupe inayojitahidi Beni, kule chini kwenye joto, inakohoa ikipandishwa Butembo. Ndiyo maana umeme wa maji unabadilisha mengi. Hifadhi ya Virunga iliwasha mtambo wake wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, na hapohapo kiwanda cha sabuni kikajengwa.

"Basi na mota ya umeme inadhoofika mlimani." Nusu.

Hewa nyepesi haipoozi vizuri, na vibati huhesabiwa kwa mita 1,000. Lakini vinahesabiwa pia kwa joto la nyuzi 40, ambalo Butembo haijui. Ubaridi wetu hulipa deni hilo. Usihangaike.

"Mota ya waipa ya gari inafaa kwa chochote." Karibu kweli.

Naipenda. Ni ya volti 12, ina giaboksi yake, na hugeuza trei za mayai kwenye kitotoleshi bila kulalamika. Niliwahi kuweka mahali pake mota ya kioo cha mlango wa gari kwa kuwa ilikuwa bure. Haikumaliza siku mbili. Ile ya kioo imeumbwa kufanya kazi sekunde chache, kisha ipumzike. Mkono wa umeme unaorefuka na kufupika, kama ule wa dishi kubwa za zamani, una sharti hilohilo: ukiona asilimia 25 kwenye kibati, maana yake ni dakika mbili na nusu kazini katika kila kumi. Kwenye mota kubwa tafuta S1, yaani kazi mfululizo. S3 itahitaji mapumziko.

"Mota iliyosukwa upya hairudi kama mwanzo."

Inategemea msukaji. Mtazame kabla hajakata waya wa zamani. Akihesabu mizunguko, akapima unene wa waya na kuandika kwenye daftari, mwachie mota. Akiweka shaba kwenye mizani tu, ibebe uende nayo.