Randa ya Umeme Bwera
Mbao zivukazo mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo kuingia Uganda, zikashushwa Bwera au kupelekwa Kasese, aghalabu huwa zingali na makovu ya msumeno, na seremala aliyechoka kwa randa ya mkono hushukuru mno apatapo mashine.

Mashine hiyo isimikwe juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, ikazwe kwa bolti. Ama umeme, hapo ndipo penye roho ya mtu: mota ya fezi tatu hutaka volti 415, ile ya fezi moja 240, na kila moja haina budi kuwa na waya wa ardhi, wa kijani na manjano, uliokazwa barabara kwenye chuma cha mashine, ili shoti ikitokea umeme upite humo na fyuzi ikatike, usimpitie fundi. Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume, fundi wa umeme azime swichi kuu, abadilishane nyaya mbili kati ya zile tatu.

Kutega visu, umeme ukatwe kabisa. Kisha huwekwa ubao ulionyooka juu ya meza ya nyuma, visu vikazungushwa taratibu kwa mkono, na fundi akainamisha sikio, mpaka kila kisu kiukwaruze ubao kidogo tu, kulia na kushoto sawasawa.