Ukristo wa Jina na Ukristo wa Kweli

Katika shule yetu wako wengi wenye majina ya Kikristo. Mwalimu akiita Yosefu darasani, huitika watatu. Mimi mwenyewe nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikapata Kipaimara, na kigangoni kwetu ni msomaji wa masomo ya Misa. Walakini mwaka jana niliona kwamba jina ninalo, bali kazi ya jina hilo nilikuwa sijaianza. Nataka kueleza kwa ufupi tofauti ya mambo hayo mawili.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi imani hii ilivyofika kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wakristo wao wa kwanza wengi walikuwa watumwa waliokombolewa, wakubwa kwa watoto. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa halijafungwa mpaka mwaka 1873. Kutoka Bagamoyo misheni zikasogea bara: Mhonda mwaka 1877, na Morogoro, chini ya milima yetu ya Uluguru, mwaka 1882. Basi kati ya Wakristo wa kwanza wa sehemu hizi walikuwamo watu waliowahi kutiwa bei sokoni. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kufundishwa maana ya kudhulumiwa.

Sasa nieleze habari za soko la siku hizi. Huko Mgeta wakulima hupanda kabichi, karoti, njegere na viazi katika mashamba ya mitelemko mikali. Akina mama hubeba mazao kichwani mpaka mahali gari linapofika, kisha hushushwa kupitia Mlali hadi Morogoro mjini na Dar es Salaam. Wanunuzi wengi hununua kwa gunia, lakini gunia likiisha kujaa hushonewa kamba juu, likaongezwa mzigo mwingine kama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria yataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Walakini mkulima mwenye mazao yatakayooza hana nguvu ya kukataa.

Mjomba wangu ni mnunuzi wa viazi, tena ni mwimbaji mashuhuri wa kwaya. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Yeye ndiye aliyeninunulia sare na viatu vya shule. Wakati wa likizo kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Siku moja tulichukua gunia la bibi mmoja mjane wa Nyandira. Tulipofika mjini tukalipima: kilo 138. Bibi alikuwa amelipwa gunia moja, nami nikaandika, "Gunia 1." Sikuona haya hata kidogo.

Jumapili iliyofuata nilisoma somo la kwanza, kisha nikakaa kusikiliza Injili ya Luka, habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Nikatazama viatu vyangu. Padre aliongeza kuwa Torati pia inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Ndugu zetu Waislamu nao wanalijua jambo hili, kwa kuwa sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wanaopunja vipimo. Nilitoka kanisani bila ya kumsalimu mtu.

Jioni nilimwendea mjomba. Nikasema, "Mjomba, shikamoo. Nina neno."

"Marahaba. Sema, mpwa wangu."

"Lile gunia la bibi wa Nyandira lilizidi kilo 38. Nadhani tunadaiwa."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nikiacha mimi, mwingine atachukua. Na hivyo viatu unadhani vimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia tu ya kuwa tangu siku hiyo nitaandika kilo, si magunia. Akalichukua daftari lake, akampa kijana mwingine. Likizo ile sikupata hata fedha ya madaftari.

Nikaona sina kitu cha kulipia ila mikono yangu. Nikapanda Nyandira, nikamlimia yule bibi kwa jembe siku nne. Siku ya tatu nikamweleza sababu. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nilijua siku ile ile. Viazi vile nilivibeba kichwani safari tano. Mtu hasahau uzito wa mzigo wake."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko vitabu vingi. Tunapodhulumu twadhani hakuna ajuaye, kumbe aliyebeba mzigo anajua. Tena si mimi wa kwanza kufundishwa hivyo. Katika miaka ya 1930, uamsho ulipoanza Gahini nchini Rwanda na kuenea Afrika Mashariki, watu wengi waliungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba. Majirani waliiamini toba yao walipoona vitu vimerudi.

Basi, Mkristo wa jina huuliza, "Nani ananiona?" Mkristo wa kweli huuliza, "Nani anaumia?" Mwanafunzi anayenakili mtihani, kiranja anayejipakulia kwanza, mzazi anayechelewesha ujira wa kibarua, wote wana lumbesa yao.

Mjomba hajaacha lumbesa kabisa. Lakini likizo iliyopita nilikuta amenunua mizani ya kutundika, na mkulima akiomba kupimiwa, hupimiwa. Kwaya bado anaimba, nami bado namwamkia kwa heshima. Viatu vyangu navyo bado navivaa, na kila nikivifunga kamba asubuhi, namkumbuka yule bibi.