Tramu ikifika mwisho wa njia, inageuka namna gani?

Lori yenye remorke ikitaka kugeuka katikati ya Butembo siku ya soko, kila mutu anajua vile inakuwa. Musaidizi anashuka, anapiga mukono kwenye bodi, motari zinasimama, shofere anarudi nyuma, anaenda mbele, anarudi tena. Barabara inafungwa. Sasa fikiria gari refu kuliko lori ile, tena lenye kutembea juu ya reli tu. Likifika mwisho wa njia, katikati ya muji wenye kujaa watu, linageuka namna gani?

Mara nyingi, jibu ni fupi: haligeuki.

Tuangalie Addis Ababa, muji mukuu wa Etiopia. Tangu mwaka 2015 kuko tramu za umeme kwenye njia mbili. Moja inatoka Ayat, mashariki, inaenda Tor Hailoch, magharibi. Ingine inaunganisha kaskazini ya muji na Kaliti, kusini. Kila tramu iko na chumba cha shofere mbele na kingine nyuma. Ikifika mwisho, shofere anafunga chumba chake, anatembea mpaka upande wa pili, anafungua kile kingine. Taa nyeupe zinawaka kwenye ilikuwa nyuma, taa nyekundu kwenye ilikuwa mbele. Mukia umekuwa kichwa.

Lakini kazi haijaisha. Tramu ilikuja kwenye reli ya kwenda, inapaswa kurudi kwenye reli ya kurudi. Kwa hiyo, karibu na mwisho wa njia, kunawekwa reli fupi ya kuvuka. Vipande vyake vinasukumwa kuume ao kushoto na mashini, na magurudumu yanafuata.

Reli ile ya kuvuka inaweza kuwa mbele ya kituo ao nyuma yake. Ikiwa mbele, tramu inavuka wakati wa kuingia ao wa kutoka. Haiombe nafasi kubwa, lakini tramu yenye kuvuka inaweza kuzuia ile yenye kuja. Ikiwa nyuma, watu wote wanashuka, tramu tupu inasonga mbele, inabadilisha upande kule, inarudi kuchukua watu kwenye reli ingine. Hapo kituo kinapumua, lakini inaomba kiwanja kirefu zaidi.

Juu ya nini hesabu hii ni ya maana? Tuseme tramu moja inakaa dakika 6 mwisho wa njia: watu kushuka, shofere kutembea, wengine kupanda. Kama kuko nafasi moja tu, kwa saa moja zitapita tramu 10, hata muji ukinunua 100. Zingine zitapanga mustari nyuma. Nafasi mbili zinaweza kufikisha 20. Miji ingine inaweka shofere wa pili, anangojea kwenye kichwa cha pili: tramu ikisimama, anaingia mara moja, na yule wa kwanza anangojea ile yenye kufuata. Dakika kadhaa zinaokolewa, bila kujenga kitu.

Kuko pia tramu zenye chumba kimoja tu cha shofere. Hizo lazima zizunguke. Prague, katika Ulaya, njia nyingi zinaishia kwenye reli ya muviringo, sawa vile magari yanazunguka rond-point. Ni rahisi kwa shofere, lakini muviringo unakula kiwanja, na katikati ya muji kiwanja ni bei kali.

Treni ya zamani, yenye kuvutwa na kichwa kimoja, iko na shida yake. Pale Nairobi, kichwa kinafunguliwa, kinapita kwenye reli ya pembeni, kinafungwa tena upande wa pili. Mwaka 2020 Kenya ilileta treni zenye kutumika mbele na nyuma, zilizonunuliwa Uispania, na kazi ile ya kufungua na kufunga ikaondoka kwao.

Butembo na Beni hakuna reli. Ile ya karibu ilifika Kasese, ng'ambo ya Kasindi, mwaka 1956. Lakini hesabu ya mwisho wa njia iko hapa kwetu kila asubuhi, pale mabasi na malori yanashusha watu na mizigo. Mutu anaweza kupanua barabara yote. Kama pa kugeukia ni padogo, mustari utabakia ni ule ule.