Bustani za Mtaa na Ndege wa Jangwani

Neno "jangwa" humfanya msomaji awazie mahali pasipo uhai. Hata hivyo, jangwa la Sonora, ambamo umejengwa mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, Marekani, lina ndege wengi waliozoea jua kali na uhaba wa mvua. Lakini mazoea yana mpaka. Mwaka 2023 mji huo ulipata siku 31 mfululizo ambazo joto lilifikia nyuzi 43 au zaidi.

Ndege hatoi jasho. Ili aupoze mwili hutweta, na kwa kutweta hupoteza maji, ambayo aghalabu huyapata katika wadudu na matunda. Katika jangwa jirani la Mojave, watafiti walilinganisha hesabu za ndege za mwanzoni mwa karne ya 20 na za miaka ya karibuni. Mwaka 2018 walitangaza kwamba maeneo waliyoyachunguza yalikuwa yamepoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya aina za ndege. Utafiti wa mwaka 2019 ulihusisha upungufu huo na kuongezeka kwa maji ambayo ndege huhitaji ili wajipoze.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bustani ya mtaa ni kumpunguzia ndege upotevu wa maji. Uwanja wa nyasi fupi hupendeza macho, lakini huhitaji kunyweshwa daima na huwafaa zaidi njiwa na shomoro wa mjini. Mti wa kienyeji uitwao palo verde, wa jamii ya mikunde, hutoa kivuli, maua na wadudu. Vichaka vya miiba hulinda viota. Majani makavu yasipofagiliwa huhifadhi wadudu. Mpungate mrefu uitwao saguaro hutobolewa na kigong'ota, na tundu analoliacha huwa makao ya bundi mdogo.

Kivuli hicho huwafaa wanadamu pia, hasa katika mitaa ya maskini, ambayo kwa kawaida ina miti michache na joto zaidi.

Ugumu uko katika muda. Saguaro huweza kupita miaka 50 kabla ya kuchipua tawi la kwanza. Basi anayechora ramani ya bustani hana budi kuanza kwa kuihifadhi mimea mikongwe iliyopo, ndipo apande mingine. Kwani kilichokatwa leo hakirudishwi na kizazi kilichokikata.