Je, Wajua? Mwongozaji aliyeanza kwa kuvaa kimono cha kike
Teinosuke Kinugasa wa Japani hakuanzia nyuma ya kamera. Aliigiza wanawake, poda usoni, enzi ambazo nafasi za kike zilichezwa na wanaume. Waigizaji wa kike walipoanza kuingia kwenye filamu, naye akageukia uongozaji. Mwaka 1926 alitengeneza Kurutta Ippeji, filamu bubu ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Taa zilikuwa chache, basi kuta za seti zikapakwa rangi ya fedha ili ziakisi mwanga. Ujanja wa mfuko mtupu huo! Baadaye filamu ikadhaniwa imepotea kabisa, kumbe imo ghalani mwa Kinugasa mwenyewe. Aliikuta mwaka 1971. Filamu yake nyingine, Jigokumon, ilikuwa imekwisha kutwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1954.